Kufurahi bila nauli: michoro, vitabu chakavu na viumbe wa Kigoma

Ninatoa fotokopi na kujalidi vitabu Mwanga, Kigoma mjini, na nyumbani ni Ujiji. Kazi hii ina kungoja kwingi: umeme umekatika, mteja kafuata chenji, gundi haijakauka. Humo katika kungoja ndimo nilimojifunzia haya ninayoyaandika. Watu huniuliza napata wapi muda wa kutazama ndege na kusoma vitabu vya mwaka arobaini na saba. Muda ni ule ule wenu. Ila mimi nina vitu vyangu vya kutazama, navijua kwa majina, na huvirudia. Hilo la kurudia ndilo kubwa. Yaliyobaki ni namna ya kulifanya.

Kwanza punguza. Mgeni akifika Kigoma anataka sokwe, ziwa, Ujiji na machweo, vyote kwa siku mbili, na anaondoka na picha tele asizoweza kuzisimulia. Mwenyeji ana ugonjwa wa upande wa pili: amevizoea mpaka havioni. Dawa yao ni moja. Chagua kitu kimoja cha sanaa, kitabu kimoja na kiumbe kimoja, vyote viwe kwenye njia unayopita hata usipotaka, kisha kaa navyo mwezi mzima. Kilicho mbali hutakiendea, tusidanganyane. Ndiyo maana sikushauri uanze na Gombe, ile hifadhi ya sokwe.

Kwenye sanaa anzia nguoni, kwa sababu nguo ziko kila mahali na hakuna kiingilio. Kanga ina sehemu tatu, na ukizijua hutaitazama tena kama kitambaa tu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi. Wengi husoma jina wakacheka, wakaishia hapo. Wewe tazama pindo linavyokunja kona. Mchoraji mzuri hulifikisha ua lake kwenye kona likageuka bila kukatika. Mchoraji mvivu hulikata katikati kama vile kaishiwa na karatasi. Ukishaiona kona moja iliyokatwa, utakuwa unazitafuta kwenye foleni ya benki, kwenye daladala, msibani, popote.

Huku kwetu lakini kitenge ndicho kinachotawala, na kina mchezo wake. Kitenge cha wax halisi, yaani cha nta, ukikigeuza, nyuma na mbele hukaribia kuwa sawa, maana ile nta hupakwa pande zote mbili kabla nguo haijaingia kwenye rangi. Nta ikishaganda hupasuka, rangi hupenya kwenye nyufa, na ndipo unapoona mishipa myembamba inayotambaa ovyo juu ya mchoro. Mishipa hiyo haijirudii. Kitenge cha kuchapwa nacho huwa nayo, ila imechorwa. Basi shika mshipa mmoja kwa kidole, ukumbuke umbo lake, kisha nenda kwenye ua lile lile mbele kidogo. Ukiukuta mshipa ule ule, na kona zake zile zile, unajua umeshika nakala. Ufundi wenyewe ulianzia kwenye batiki ya Java. Waholanzi wakauiga kwa mashine katika karne ya 19, soko la Java halikuwapenda sana, Afrika Magharibi ikawapokea. Mama zetu sasa hubishana sokoni kuhusu vitenge vya Kongo kana kwamba vilizaliwa ng'ambo ya ziwa. Waache wabishane, sikiliza tu: mama anayeuza vitenge anajua jina la kila mchoro, na ukimuuliza kwa adabu, bila kumtandazia bidhaa yote na kuondoka, atakutajia.

Baada ya nguo, boti. Nenda Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, asubuhi, saa moja au mbili, dagaa wakiwa wametandazwa na jua halijawa kali. Usitazame boti zote. Chagua moja, soma jina lake, kisha tazama jinsi jina hilo lilivyoandikwa. Ukibahatika utamkuta mchoraji kazini. Anachukua uzi aliousugua kwa chaki, kijana mmoja anashika ncha ya huku na yeye ya kule, anauvuta katikati kama manati na kuuachia: pah! Mstari mweupe umenyooka ubavuni mwa boti. Anapiga wa pili chini yake. Herufi zote zitakaa kati ya mistari hiyo. Kisha anachora kiini cha kila herufi kwa rangi moja, akianza juu na kushuka kwa mkupuo mmoja, kidole chake kidogo kikiegemea ubao ili mkono usitetemeke. Kivuli kinakuja mwisho, upande mmoja tu, kulia au kushoto, na asipokosea kila herufi inainuka ubaoni. Furaha yangu mimi ni herufi mbili za mwisho. Wachoraji wetu huanza kwa mbwembwe, na wakikaribia puani mwa boti nafasi inawaishia. Angalia majina yanavyoanza mapana na kumalizika yamebanana.

Kijana mmoja muuza dagaa alinikuta nimesimama hapo akaniuliza, "Mama, unanunua au unatazama?"

"Natazama kwanza."

"Haya tazama, kutazama hakupimwi kwa sado."

Nilinunua baadaye. Ukiwa mtu wa kutazama Kibirizi, nunua siku mojamoja, utakaribishwa zaidi.

Ukutani nyumbani weka kitu kimoja cha mkono, hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga, yule wa Tunduru aliyeanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana. Alikufa mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, na bado mtindo unaitwa jina lake. Kwa hiyo usiniambie unangoja hela ya fremu.

Sasa vitabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Vitabu vya zamani havipatikani kwenye maduka ya vitabu. Tafuta pale sokoni wanapotandaza mitumba, kwa wauza karanga wanaofungia kwa kurasa (utaumia moyo, lakini pita), na kwa wastaafu wa reli na ualimu wanaohama nyumba. Mstaafu usimwambie, "Mzee, una vitabu vya kutupa?" Mwamkie, kaa, muulize alisoma wapi. Kabati litafunguka lenyewe.

Ukishika kitabu usianze na jalada. Fungua kurasa za mwanzo kabisa na za mwisho kabisa. Hapo kuna mwaka, mji kilikochapwa, bei ya shilingi na senti, muhuri wa shule, na majina ya wenye kitabu yakifuatana, huyu kafuta jina la yule. Ukikuta East African Literature Bureau, hilo ni shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1948, enzi za ukoloni, kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukikuta Tanzania Publishing House, uko baada ya 1966. Mwaka ukiwa umeng'oka, soma jina la nchi: kitabu kinachoizungumzia Tanganyika kama nchi ya peke yake huenda kiliandikwa kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Polisi wa upelelezi wanalipwa kwa kazi ya namna hii. Wewe unaifanya bure ukiwa na chai.

Na usichague vitabu vikubwa tu. Kitabu nikipendacho dukani kwangu ni kijitabu cha kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu kama hiki, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Changu kina jina la mwenyewe kwa penseli, herufi kubwa za mtu mzima aliyejifunza kuandika karibuni, na chini ya baadhi ya mistari amepiga alama. Amepigia mstari maneno ya maji ya kunywa. Ya choo hakuyagusa. Nimejiuliza sana kuhusu hilo.

Sasa utunzaji, maana Kigoma ina mvua nyingi na mchwa hawana likizo. Usiweke vitabu kwenye rafu iliyogusa ukuta, wala sakafuni. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma, upepo upite na njia ya mchwa ionekane mapema. Kitabu kilicholowa usikianike juani, kitapinda na wino utafifia. Kisimamishe kivulini, kurasa zikiwa zimeachana, penye upepo. Majani makavu ya mwarobaini weka kwenye rafu, si ndani ya kurasa, yanatia doa.

Selotepu marufuku. Leo inashika, baada ya miaka inageuka njano, gundi inayeyukia kwenye karatasi, na unaponiletea mimi siwezi kuitoa bila kung'oa maandishi. Ukurasa uliochanika unaungwa kwa gundi ya ngano: koroga unga mweupe laini na maji, pika moto mdogo ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito unaong'aa, uchuje kwa kitambaa, uache upoe. Chukua kipande cha karatasi nyembamba sana, kichane kwa mkono badala ya mkasi ili kingo ziwe na nyuzi, kipake gundi kidogo, kilaze juu ya mpasuko, weka karatasi ya nailoni juu na chini, kisha mzigo mzito mpaka kesho. Gundi hii ukitaka kuibandua siku nyingine unailowesha tu. Mafundi wa makumbusho ya Ulaya nao hutumia wanga wa ngano, kwa hiyo usione haya ya sufuria yako. Pika kidogo kidogo, maana inachacha, na mende wanaipenda.

Kitabu chenye vidudu je? Friza. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, ziba vizuri, kiweke kwenye friza iliyoganda sawasawa kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili, ili jasho la baridi libaki nje ya plastiki na lisiingie kwenye karatasi. Mimi sina friza. Jirani yangu anauza barafu na migebuka, nami namwachia kitabu katikati ya samaki. Kuna mteja aliwahi kuulizia kitabu changu bei ya kilo.

Kusoma kwenyewe ni rahisi: ukurasa mmoja kwa siku, kwa sauti. Kiswahili cha zamani kiliandikwa na watu waliosikia sentensi kabla ya kuiandika, na kimya kinakiua. Soma wakati chai inachemka. Wa nyumbani watacheka siku mbili, ya tatu watauliza, "Enhe, ikawaje?"

Ukikaa Ujiji una sababu ya ziada ya kuipenda karatasi kuukuu. Watalii huja kwenye makumbusho kupiga picha palipo kumbukumbu ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871, wanatazama miembe, wanaondoka. Kinachonivutia mimi ni kwamba mwaka huo huo Livingstone, akiwa Nyangwe upande wa Kongo, aliishiwa na karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa rangi ya mimea. Rangi ikafifia, gazeti likabaki linasomeka kuliko shajara. Ilibidi wataalamu wapige kurasa hizo picha kwa mianga ya rangi mbalimbali ndipo maneno yakajitokeza, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011, miaka 140 baadaye. Mtu akinicheka nikiinamisha karatasi dirishani kutafuta maandishi yaliyofifia, namkumbusha hilo. Nawe jaribu: mwanga wa kutoka ubavuni, si wa juu, huonyesha hata alama za penseli iliyofutwa.

Upande wa viumbe, chagua anayekaa karibu na asiyekuogopa. Mimi nakushauri minana, wale ndege wa manjano wanaosuka viota, kwa sababu Kigoma ina michikichi na wao wanaipenda michikichi. Mnana dume hutua kwenye kuti, anang'ata ukingo wa jani, kisha anaruka akivuta, na uzi mrefu wa kijani unachanika nyuma yake. Anaanza na kitanzi. Anasimama ndani ya kitanzi hicho na kusuka kulizunguka umbo lake mwenyewe, akipitisha uzi, akiuvuta, akiukaza kwa mdomo. Kiota kikiisha ananing'inia chini yake kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa na kelele, anaita majike waje kukagua. Jike huingia, hugusagusa, mara nyingi hutoka na kwenda zake. Kiota kikikaa mpaka kijani kikawa hudhurungi hakuna atakayekitaka, na dume hukibomoa mwenyewe, aanze upya. Fundi ujenzi mmoja niliyemweleza haya alikaa kimya kidogo akasema, "Huyo jike namjua." Mvua zikianza ndipo wanapochangamka, kwa hiyo chagua mchikichi wako mapema, na kaa mbali kidogo, mgongo kwenye jua.

Ziwa nalo lina wake. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, na imekaa peke yake muda mrefu kiasi kwamba samaki wake wengi hawapatikani kwingine duniani. Wewe huhitaji kupiga mbizi. Saa sita mchana maji yakiwa yametulia, kaa juu ya mwamba na utazame chini kwenye mawe. Wenyeji wa hapo waulize kwanza kama pana mamba. Utaona visamaki vyenye mistari, kila kimoja kikilinda jiwe lake kama mwenye hati ya kiwanja. Baadhi yao hubeba mayai na watoto mdomoni, na hapo ndipo penye kisa: kuna samaki wa madoadoa wa jamii ya ngogo ambaye huyachomeka mayai yake kati ya yale ya mwenzake yanapotagwa. Mama wa watu anayachukua yote mdomoni. Vitoto vya ngogo huanguliwa mapema, na huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Nikiwasimulia wajukuu wa jirani kisa hicho huwa wananyamaza wote, jambo adimu.

Na usiku wa giza panda kwenye mteremko wowote wenye upenyo wa ziwa, uhesabu taa za wavuvi wa dagaa. Ni usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikiwa kamili taa haina nguvu ya kuwavuta dagaa, wavuvi wengi hubaki nyumbani. Ukiizoea hesabu hiyo utaanza kujua tarehe ya mwezi kwa kutazama ziwani, na bei ya dagaa sokoni utaikisia kabla hujafika.

Gombe nenda ukishazoea haya, si kabla. Iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, na boti zinaondokea Kibirizi hapo hapo. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Julai 1960 akiwa na miaka 26, hana shahada, ana darubini na daftari. Sokwe walimkimbia kwa miezi. Alichofanya ni kurudi kila asubuhi kwenye kilima kile kile, amevaa nguo za rangi ile ile, akaonekana kutoka mbali, hakujificha. Wengine walipokuwa wakiwapa wanyama namba, yeye aliwapa majina. Yule mzee wa ndevu nyeupe akamwita David Greybeard, na ndiye sokwe ambaye Goodall alimwona akichomeka bua kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kazi yake ilianza kwa kukaa tu, na kukaa kila mtu anaweza.

Daftari ni la lazima. Simu itakupa picha, ila picha haikulazimishi kuamua umeona nini. Nunua la kawaida la shule, andika tarehe, mahali na mstari mmoja. Yangu yanasomeka hivi: "Kibirizi. Boti ya bluu imepakwa upya, kivuli kimehamia kushoto." "Mchikichi wa msikitini. Viota vinne, kimoja kimebomolewa." "Uk. 31. Neno limepigiwa mstari mara mbili." Hakuna falsafa. Siku isiyo na kitu andika "Hakuna" na tarehe yake. Baadaye utaona "Hakuna" nyingi ni za siku ulizokuwa na haraka.

Ukianza wakati wa kiangazi, anza na vitabu, kwa kuwa hewa ni kavu na huo ndio wakati wa kushusha rafu nzima, kupangusa na kuunga kurasa. Mvua za Oktoba au Novemba zikikukuta, anza na minana. Boti na vitenge havina msimu. Na ukiwa na kitabu kilichobanduka jalada, usikivute. Kifunge kwa kamba ya pamba mara mbili, kiweke bapa ndani ya bahasha, ndipo ukilete kwa fundi.